Nduaro na wavuvi wa burudani: namna ya kumvua, kumwekea alama na kumrudisha baharini akiwa hai

Msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, boti za uvuvi wa burudani hutoka Watamu, Malindi, Kilifi na Shimoni kabla jua halijapanda. Wengi waliomo ndani hawatafuti kitoweo. Wanamtafuta nduaro, samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, anayeruka juu ya maji mara tu anaponaswa. Jioni boti zikirudi, watu wa ufuoni hutazama bendera ndogo zinazopepea juu yake ili wajue kilichopatikana. Zamani bendera ilimaanisha kuna samaki wa kuteremshwa. Siku hizi mara nyingi bendera ipo lakini samaki hayupo: amewekwa alama na kuachiliwa.

Kila tunapozungumzia bahari katika kipindi chetu cha asubuhi, swali moja hurudi kutoka kwa wasikilizaji. Mtu analipa pesa nyingi, anavutana na samaki nusu saa nzima, halafu anamrudisha majini? Si afadhali angempa mtu akale? Ni swali la haki. Makala haya yanaeleza kwa nini samaki hawa wanapungua, mvuvi wa burudani ana nafasi gani katika kuwalinda, na ni mambo gani hasa ya kufanya ili samaki anayeachiliwa aishi kweli. Samaki anayerudishwa baharini akiwa mahututi hajaokolewa. Amekufa mbali na macho yetu tu.

Nduaro ni samaki gani?

Pwani yetu ina majina mengi, na jina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Wako wanaosema nduaro, wako wanaosema sulisuli, na wote wanaweza kuwa wanamzungumzia samaki yuleyule. Hapa tutatumia "nduaro" kwa jamii yote ya samaki hawa wenye mdomo wa mkuki. "Sulisuli" atakuwa yule mwembamba mwenye pezi kubwa la mgongoni linalofunguka kama tanga. "Marlini" watakuwa wale wanene zaidi, ambao kwetu ni wa aina tatu: mweusi, wa bluu na mwenye mistari.

Sulisuli hukua upesi sana. Katika mwaka wake wa kwanza huweza kupita urefu wa mita moja. Huwinda vidagaa na ngisi karibu na uso wa maji, na ndiyo maana mvuvi humpata kwa kukokota chambo nyuma ya boti inayokwenda. Kaskazini mwa Malindi, maji mekundu ya mto Sabaki yanapokutana na maji ya bluu ya bahari kuu, samaki wadogo hukusanyika kwenye mpaka huo, na sulisuli hufuata chakula chake hapo.

Kuna jambo moja ambalo kila mvuvi wa burudani anapaswa kulijua kabla ya kutamani picha ya samaki mkubwa kuliko wote. Kwa marlini wa bluu na marlini mweusi, dume halifikii ukubwa wa jike. Yale majitu ya kilo mia tatu, mia nne na zaidi ni majike. Jike mmoja hutaga mayai mamilioni katika msimu wa kuzaana. Kwa hiyo anayemuua marlini mkubwa ili avunje rekodi, karibu kila mara amemuua mama.

Kwa nini wanapungua?

Nduaro hana nchi. Anaweza kuonekana Watamu mwezi huu na baadaye akawa maelfu ya kilomita mbali. Kwa sababu hiyo hali yake hupimwa kwa Bahari ya Hindi nzima, na kazi hiyo hufanywa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao yake Ushelisheli. Kenya na Tanzania ni wanachama.

Taarifa za kamisheni hiyo hazifurahishi. Marlini mwenye mistari amehesabiwa kuwa amevuliwa kupita kiasi, na bado uvuvi unaendelea kupita kiwango anachoweza kuhimili. Tathmini ya 2022 ilimweka marlini wa bluu katika hali hiyohiyo. Mwaka 2018 nchi wanachama zilipitisha azimio linaloweka viwango vya juu vya kuvua kwa mwaka: tani 3,260 kwa marlini mwenye mistari, tani 9,932 kwa marlini mweusi, tani 11,930 kwa marlini wa bluu na tani 25,000 kwa sulisuli. Azimio hilohilo linakataza kubaki na nduaro yeyote wa aina hizo aliye mfupi kuliko sentimita 60, akipimwa kutoka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia.

Nani anawavua? Kwa sehemu kubwa si watalii. Wengi hunaswa na nyavu za jarife zinazotandazwa bahari kuu usiku, na na mishipi mirefu ya meli za kibiashara, ile ambayo wavuvi wetu huiita zulumati, ikiwa na mamia au maelfu ya ndoana. Mara nyingi nyavu na mishipi hiyo ilitegwa kwa ajili ya jodari, na nduaro akaingia tu. Kwa mwenye meli ni samaki wa ziada. Kwa nduaro ndio mwisho.

Mvuvi wa burudani anahusikaje basi?

Kama mvuvi wa burudani huua wachache, kwa nini tumsumbue? Ziko sababu tatu.

Kwanza, idadi ikiwa imeshuka, kila samaki mzima ana uzito wake, hasa majike makubwa ambayo mvuvi wa burudani ndiye anayeyatafuta kwa makusudi.

Pili, mvuvi huyu ana uhuru ambao mwenye jarife hana. Wavu ukipandishwa asubuhi, nduaro aliyemo kwa kawaida ameshakufa, kwa kuwa samaki huyu hupumua kwa kuogelea mbele ili maji yapite kwenye matamvua. Akizuiwa kwenda, anakosa pumzi. Aliye kwenye mshipi wa mvuvi wa burudani bado yuko hai, na mtu aliyeshika mshipi ndiye anayeamua.

Tatu, na hii ndiyo kubwa zaidi, mvuvi wa burudani ni shahidi. Boti zake hurudi maeneo yaleyale msimu baada ya msimu, na nahodha wake anajua alipata samaki wangapi, wapi na lini. Bahari kuu haina watu wengi wa kuihesabu. Daftari la nahodha likiandikwa vizuri linaweza kuonyesha mabadiliko ambayo mtu wa nchi kavu hawezi kuyaona.

Kabla ya kutoka: ndoana na vifaa

Uamuzi wa kwanza hufanyika ukiwa bado ufuoni, unapochagua ndoana. Ndoana ya kawaida ina umbo la herufi J na ncha yake inatazama juu. Samaki akimeza chambo, ncha hiyo hunasa popote inapogusa, hata kooni au tumboni. Ndoana ya duara ina ncha iliyopinda kuelekea ndani. Mshipi ukivutwa taratibu, ndoana huteleza kutoka kooni na kunasa kwenye pembe ya mdomo.

Tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa kwa sulisuli wa pwani ya Guatemala, uligundua kuwa kwa ndoana za J, asilimia 46 ya samaki walinaswa kooni au tumboni. Kwa ndoana za duara walikuwa asilimia 2 tu. Utafiti mwingine wa 2005, uliofuatilia marlini weupe wa Atlantiki kwa vifaa vya setilaiti baada ya kuachiliwa, ulionyesha kuwa walionaswa kwa ndoana za duara waliishi wote, na walionaswa kwa ndoana za J waliishi asilimia 65. Yaani mmoja kati ya kila watatu aliondoka boti ikishangilia, kisha akafa. Tangu 2008 Marekani imelazimisha ndoana za duara katika mashindano ya kuvua nduaro upande wa Atlantiki pale chambo cha asili kinapotumika.

Mambo ya kukumbuka ufuoni ni haya:

– Tumia ndoana ya duara kila unapotumia chambo cha samaki halisi, nayo iwe ile isiyopindishwa pembeni.

– Chagua ndoana ya chuma kinachoshika kutu. Ikibidi kuiacha mdomoni mwa samaki, italika na kuanguka.

– Tumia mshipi na fimbo zenye nguvu ya kutosha. Mshipi mwembamba sana humpa mvuvi sifa, lakini humchosha samaki mpaka anashindwa kupona.

– Andaa mapema glavu, mkasi wa kukatia mshipi, koleo la kutolea ndoana na fimbo ya kuwekea alama. Visitafutwe samaki akiwa tayari kando ya boti.

Samaki akishika

Mazoea ya wengi ni kuikurupua fimbo kwa nguvu mara tu samaki anapogusa chambo. Kwa ndoana ya duara hilo ni kosa, kwa sababu huichomoa kabla haijageuka. Mwachie samaki achukue, subiri mshipi ukaze wenyewe, kisha anza kuvuta polepole bila kukatiza.

Lengo ni kumfikisha kando ya boti upesi. Kadiri mvutano unavyorefuka, ndivyo misuli yake inavyojaa uchovu na damu yake inavyoharibika. Hapa nahodha ana kazi kubwa kuliko mgeni aliyekaa kwenye kiti. Nahodha mzuri huirudisha boti kuelekea samaki, hufupisha mshipi, na humsaidia mgeni bila kumnyang'anya raha yake. Na kama papa wameanza kuzunguka, ni heri kukata mshipi mapema kuliko kumchosha samaki awe chakula chao.

Kando ya boti: dakika mbili za uamuzi

Samaki wengi wanaokufa baada ya kuachiliwa huuawa hapa, na mara nyingi kwa ajili ya picha. Kumpandisha nduaro botini ni kumnyima pumzi baada ya mbio ndefu. Matamvua yake hushikana hewani. Mwili wake, uliozoea kubebwa na maji, hulemea viungo vya ndani. Ute unaomkinga na magonjwa hubanduka kwenye nguo na sakafu. Kwa hiyo kanuni ni moja: samaki abaki majini.

Baharia mwenye glavu humshika mdomo kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekeana, ili samaki akiruka aweze kumsukuma mbali na uso wake. Mdomo huo umewahi kuwajeruhi watu vibaya, na hakuna picha inayostahili jicho la mtu. Kulabu ya kupandishia samaki isitumike kabisa. Ndoana ikionekana mdomoni, itolewe kwa koleo. Ikiwa imeingia ndani isipoonekana, usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo kadiri unavyoweza.

Picha ipigwe samaki akiwa majini, mgeni akiinama kando ya boti. Anayetaka kumbukumbu ya kutundika ukutani hahitaji ngozi ya samaki. Mafundi hutengeneza sanamu kwa plastiki ngumu kutokana na picha na vipimo vya urefu na unene.

Samaki akiwa amelegea, asisukumwe tu azame. Mshike mdomo, kichwa kikitazama mbele, na boti isogee polepole ili maji yapite mdomoni na kutoka kwenye matamvua. Rangi yake itaanza kurudi, na mkia utaanza kupiga. Atakapojivuta mwenyewe kutoka mikononi mwako, mwachie. Kazi hii inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ndizo zinazotofautisha samaki aliyeachiliwa na samaki aliyetupwa.

Alama ndogo yenye habari nyingi

Wazo la kuwatumia wavuvi wa burudani kuwawekea samaki alama si geni. Mwaka 1954 mtafiti Frank Mather wa Woods Hole, Marekani, alianza mradi wa kuwapa wavuvi alama wawawekee samaki wakubwa wanaowaachilia. Kwetu, shirika la African Billfish Foundation lenye makao yake Watamu limekuwa likiendesha kazi hiyo katika magharibi ya Bahari ya Hindi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na maelfu ya samaki wameshawekewa alama.

Alama yenyewe ni kijiti chembamba cha plastiki kama ua la tambi, chenye nambari na anwani. Huchomekwa kwenye nyama ya bega, chini ya pezi la mgongoni, mbali na kichwa, matamvua na uti wa mgongo. Samaki akitapatapa, subiri atulie. Akikataa kutulia au akiwa anavuja damu, acha alama umwachilie. Uhai wake una thamani kuliko nambari.

Kisha andika hapohapo, si jioni hotelini: nambari ya alama, tarehe, mahali kwa kipimo cha GPS, aina ya samaki, urefu au uzito wa kukadiria, aina ya ndoana, na hali aliyoondoka nayo. Alama isiyoandikiwa fomu haina faida yoyote. Usimpandishe uzito kwa ajili ya majigambo, maana mtafiti atakuja kuulinganisha na uzito wa siku samaki huyo atakapopatikana tena.

Ni wachache wanaopatikana tena. Kwa nduaro, kwa kawaida hawafiki wawili kati ya kila mia. Ndiyo maana kila mmoja ana thamani kubwa: anatuonyesha alikotoka, alikofika, muda aliotumia na kiasi alichokua.

Hapa ndipo mvuvi wa ngalawa, dau au mashua anapoingia. Ukipata samaki mwenye alama, hujafanya kosa lolote na hakuna atakayekunyang'anya. Kata alama, iweke pakavu, pima samaki, kumbuka siku na mahali, kisha ipeleke kwa ofisa wa uvuvi, kwa kamati yenu ya BMU, au kwa taasisi ya KMFRI kule Mombasa. Miradi ya aina hii kwa kawaida hutoa zawadi ndogo kama fulana au kofia. Zawadi yenyewe si kitu, lakini habari iliyo kwenye alama hiyo haiwezi kupatikana kwa njia nyingine.

Na kitoweo je?

Turudi kwenye swali la wasikilizaji. Sulisuli mmoja wa pwani yetu anaweza kuwa na kilo ishirini na tano au zaidi. Kwa baharia mwenye watoto nyumbani, kumtazama akizama tena si jambo dogo. Mgeni akiondoka amefurahi na kijiji kikabaki na njaa, uhifadhi utaonekana kuwa mchezo wa wenye nacho, na watu watakuwa na haki ya kuona hivyo.

Njia iko. Boti zilezile hupata samaki wengine. Fulusi, kwa mfano, huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu na haishi miaka mingi, kwa hiyo ni kitoweo kinachobebeka na bahari. Nguru apunguzwe, maana naye yumo kwenye orodha ya IOTC ya waliovuliwa kupita kiasi. Wamiliki wa boti waweke wazi tangu mwanzo: samaki wa kula ni wa mabaharia, na kila nduaro anayeachiliwa vizuri awe na bahashishi yake kutoka kwa mgeni. Baharia anayelipwa kwa ustadi wa kumwokoa samaki hatakuwa na sababu ya kumtamani amekufa. Samaki huyohuyo anaweza kumletea mgeni mwingine msimu ujao. Aliyeuzwa kwa kilo ameuzwa mara moja tu.

Wala makala haya hayamwambii mvuvi wa ngalawa amwachilie sulisuli aliyeingia kwenye mshipi wake. Anayevua ili ale na anayevua ili afurahi hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Anayevua kwa furaha ndiye mwenye nafasi ya kuacha.

Mipaka ya jambo hili

Hata wavuvi wote wa burudani wakimwachilia kila nduaro, hilo peke yake halitamrudisha marlini mwenye mistari. Majarife na zulumati za bahari kuu ndizo zinazochukua wengi, na dawa yake iko kwenye meza za mikutano: viwango vya kuvua vifuatwe, nyavu ndefu za kuelea, ambazo IOTC imezipiga marufuku katika eneo lake lote, ziondolewe kweli, na meli zitoe hesabu za kweli. Lakini kwenye meza hizo mtu husikilizwa akiwa na ushahidi. Ushahidi ni zile fomu zilizoandikwa na nahodha wa Watamu kwa mkono wenye chumvi, na alama iliyorudishwa na mvuvi wa Kipini au Pemba.

Kwa hiyo ukiiona boti inaingia jioni na bendera bila samaki, usidhani imerudi mikono mitupu. Muulize nahodha wake maswali matatu: ulitumia ndoana gani, samaki alibaki majini, na fomu umeijaza? Akijibu yote bila kusita, boti hiyo imevua vizuri.